Neno Moja Juu ya Kenchi

Jumatatu, 8 Julai 1974
Tarime. Kenchi ya tano ya paa imekaa. Juu tuko watatu: Chacha anaingiza bolti, Mwita anakaza nati, mimi naita amri. Chini, kwenye winchi, Mzee Salimu wa Tanga. Anashusha chuma kama mama anavyotua mtungi. Ghala la kahawa la ushirika, na tunaolisimamisha ni sisi. Zimebaki mbili. Sauti yangu inafika hadi kijiji cha Susuni.

Jumanne, 9 Julai
Mbaya. Kenchi ya sita inashuka, kidole cha Chacha kiko chini yake. Nikapiga kelele: "Acha!" Nilitaka isimame. Mzee Salimu akaelewa aiache ishuke. Akaiachia. Kidole kidogo kimesagika. Chacha hakulia. Kosa ni langu.

Jumatano, 10 Julai
Asubuhi kwa Mzee. Shikamoo. Marahaba. Nikakiri kosa. "Miaka yote sijamwaga damu ya mtu," akasema. "Sinyanyui tena na kelele zenu." Bila yeye ghala litabaki mbavu tupu, na sisi kichekesho cha wilaya. Aibu.

Alhamisi, 11 Julai
Mzee ameniita. Sharti: mtu mmoja aonyeshe, kwa mkono, mdomo ufungwe. Kidole kikizunguka, pandisha. Kiganja chini, shusha. Ngumi, simama. Nilijua atamchagua Mwita, mpole yule. Kanichagua mimi! Kutwa tumefanya mazoezi na gogo.

Ijumaa, 12 Julai
Mzee katoka msikitini, tukaanza. Kenchi ya saba inakaa nyuma ya ukuta wa ofisi. Yeye haioni. Anauona mkono wangu tu, mimi niko juu ya ukuta. Upepo ukaisukuma kwa Mwita. Kelele ikanijaa kooni. Nikang'ata kola ya shati. Ngumi. Ikasimama hewani, shibiri moja tu kutoka kichwa cha Mwita. Kiganja. Kidogo. Kidogo tena. Bolti zikaingia kwa kusukumwa na dole gumba la Mwita tu. Mtu asiyeona na mtu asiyesema, na chuma kimekaa! Najivuna, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 14 Julai
Winchi imeondoka jana. Baada ya ibada nilikwenda kwa Chacha. Kidole kitabaki kimepinda. Kumbe Mzee Salimu alipita kumuaga. Chacha akaniambia: "Mura, kijana wee, amesema hajaona mtu anayenyamaza vizuri kama wewe." Alicheka hadi akaushika mkono unaouma.

Nimerudi polepole, bila kuita toka njiani kama kawaida yangu. Mke wangu kaniuliza kama naumwa.