Miezi Miwili na Breki Imeshika

Mwenzangu, uko? Acha kila kitu usome. Nimechoka mpaka kope zinauma.

Leo nimezunguka maduka matatu ya baiskeli natafuta wa kunikagulia yangu. La kwanza muuzaji kaniuliza, "Hii ni ya mumeo?" La pili hawakuigusa hata kidogo, wananionyesha mpya tu. Nikajisemea, la tatu nalo likinizingua, najitoa kwenye mashindano ya Jumamosi. Kuogelea, baiskeli, kukimbia, yote basi.

La tatu fundi ni mama mtu mzima, grisi mpaka viwikoni. Nikamwambia, "Mama, ikague tu, ila najua kasoro ni mimi. Sina miguu. Hata watoto wa shule wananipita. Jumamosi najitoa mashindanoni."

Kainua gurudumu la nyuma, kalizungusha. Likasimama palepale.

Palepale!

Kaniangalia. "Mwanangu, umeiendesha hivi tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili breki imeshika gurudumu? Na vilima unapanda?"

"Napanda, Mama. Nikilia."

Wee, duka zima lilicheka! Miezi miwili namlaumu Mungu kwa mapaja aliyonipa, kumbe breki!

Kakaza hapa, kalegeza pale, basi. Nataka kushukuru, akanikatiza: "Usijitoe. Aliyepanda vilima miezi miwili breki imeshika, miguu anayo."

Nikakaa kwenye kibenchi chake, sina hata nguvu ya kufurahi.

Basi Jumamosi naenda. Njoo na ukoo mzima mpige kelele, hasa wakati wa kuogelea, maana huko nikibaki nyuma sina cha kusingizia.