Siku Mbili Kabla ya Kliniki

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Hapa Misima tu wazima, mahindi yamebeba, na shangazi yako wa Masuguru amejifungua salama.

Umeniuliza kwa nini, katika hesabu zako za sukari za wagonjwa, vipimo hushuka kila siku ya kliniki inapokaribia. Jibu ninalo, na linaniuma.

Nilipokuwa msichana, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mama yangu kliniki ya kisukari Handeni. Mwezi mzima alikunywa chai yenye sukari. Zikibaki siku mbili, anakula mchunga tu, ile mboga chungu, na maji. "Nisije nikasemwa mbele ya watu," aliniambia. Akitobolewa kidole, namba inatoka nzuri, daktari anamsifu, dawa haiongezwi. Nami nilishika daftari lake la vipimo nikanyamaza, kwa sababu njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka.

Mguu wake ulipokatwa kwa ajili ya sukari, daktari alilifungua daftari lile akashangaa. Namba zote zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo ukikuta namba nzuri, mama, usiifurahie kabla hujamuuliza mwenyewe juzi alikula nini. Mimi nilikuwa najua. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Bibi yako,
Mwanaidi