Reli Chini ya Kitanda cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kazini kwa duka la hardware saa kumi na moja. Nimefunga chumba cha wageni na kuinua kitanda, kinafunguka juu kama kifuniko cha sanduku. Gundi ya jana imeshika. Mlima wa kadibodi unasimama wenyewe sasa. Barabara nimeitengeneza na msasa mweusi, vipande vilivyokuwa vinatupwa. Treni yangu ya kuchezea inazunguka bila kuanguka. Betri mbili tu.

Mume wangu Mwangi ako mpakani Namanga, anashughulikia karatasi za malori mpaka Ijumaa. Hajui. Miezi minne na hajui.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepaka stesheni rangi. Ni ile ya Kajiado, vile ilikuwa nikiwa mdogo. Baba alifanya kazi hapo, alikuwa anainua bendera ya kijani treni ikiondoka, mimi nimekaa kwa benchi. Nimejaribu kumtengeneza na waya. Anafanana na kuku.

Mbona nimeificha? Miaka saba ya ndoa, hakuna mtoto. Mtu akinikuta na treni ya kuchezea atasema nimeanza kuchanganyikiwa na huzuni. Labda ni kweli. Labda napenda treni tu. Siwezi kutofautisha.

Jumamosi, 8 Machi
Mwangi amekuja na mamake kutoka Murang'a. Kliniki ya magoti, wiki mbili. Hakunipigia simu kwanza.

Mama atalala chumba cha wageni. Juu ya Kajiado yote. Nimetandika shuka na kuzichomeka pande zote.

Jumapili, 9 Machi
Mama anasema kitanda kinanuka rangi. Nimesema ni kwa sababu ni kipya. Nimedanganya nikiwa nimevaa nguo za kanisa.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi nikapata kitanda kiko juu. Mama alikuwa anatafuta blanketi. Amekaa kwa kiti, machozi yanatiririka.

"Nashipai, si ungeniambia? Ni miezi mingapi?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Ameona treni, akafikiria nimemwandalia mtoto.

Ameshika mikono yangu akamshukuru Mungu kwa Kikuyu, muda mrefu. Mimi nimenyamaza.

Kwa nini nimenyamaza? Kwa sababu nilifurahi. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Dakika kama tano hivi, hata mimi niliamini.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeenda kazini bila kumwambia. Nimempimia mteja waya mita sita badala ya kumi. Mama amenipikia uji wa wimbi, ule wa wajawazito. Nimekunywa.

Ijumaa, 14 Machi
Mama alikuwa ameshampigia Mwangi huko Namanga, akamwambia kuna mtoto. Amefika na viatu vidogo vya ngozi, vina shanga, vya wale akina mama wa mpakani. Anacheka peke yake. Sijamwona hivyo tangu harusi.

Nimemwambia hapo hapo sebuleni, mama akisikia. Hakuna mtoto. Kuna treni.

"Treni gani?"

Mama hakuwa amemwambia habari ya treni. Nimeeleza vibaya, maneno yamegongana. Mwangi ametoka nje, akasimama kando ya tangi la maji mpaka chai ikapoa.

Mama akaniuliza, pole pole, "Sasa hiyo kitu ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

Sijawahi kusema hivyo kwa sauti. Nimeona aibu. Nimeona pia kama nimetua mzigo. Yote mawili pamoja.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefua kila kitu, hata mapazia yaliyokuwa safi.

Jumapili, 16 Machi
Hatujaenda kanisani. Baada ya chai Mwangi ameingia chumba cha wageni akainua kitanda mwenyewe. Ameangalia, mikono mfukoni. Akaniambia niiwashe.

Mama amekuja na kiti chake. Ameuliza treni inabeba nini. Nikasema magadi. Akasema yeye hajawahi kupanda treni maisha yake yote. Mwangi akasema hata yeye hajawahi. Miaka saba na sikujua.

Sijui kama wamenisamehe. Sijui hata kosa langu ni lipi, kuficha ama kunyamaza. Sikuuliza.

Mwangi amerudi sebuleni kusikiliza mpira. Nimetaka kushusha kitanda, mama akanizuia. Amesema leo atalala kwa kochi, rangi ikauke vizuri.