Pigo Moja la Matoazi

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi kwa kushika ukuta, nikakosa usingizi siku mbili. Tafadhali usijikaze, mwone daktari. Baba yetu alipofariki wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti chake, sina mwingine. Watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Mwambie shangazi yake ameuliza.

Sisi huku tunaendelea. Mgongo wangu unalalamika asubuhi nikiinua trei za kwanza, halafu ukiona simsikilizi mtu unanyamaza wenyewe. Mvua imepungua. Ule ukuta wa jikoni uliokuwa unavuja umeshazibwa, ingawa fundi ameacha alama za vidole vyake vyote kumi kwenye rangi.

Najua lakini si ukuta unaotaka habari zake. Umemtafutia mpwa wako dawati ofisini kwenu, karibu na dirisha, na unataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Uliniambia muziki ni wa harusini, watu wakishiba wanakwenda zao. Mimi nilikuambia ngoja, acha kwanza nimwone kwa macho yangu. Orkestra ya huku, lile kundi kubwa la wapiga ala, ilimchukua kwa majaribio miezi sita, na onyesho la jana ndilo lilikuwa la mwisho la hayo majaribio.

Basi jana nimekwenda kumwona. Yaani, karibu nimwone. Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi mwenyewe bado sijatulia.

Kijiko alituletea tiketi mbili. (Bado tunamwita Kijiko, kaka, na lawama ni yako, wewe ndiye uliyempa jina hilo alipokuwa anagonga kila kilichokuwa mezani.) Nilikwenda na jirani yangu mkunga, kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu mahali pa wakubwa. Onyesho lilianza saa kumi alasiri. Viti vya pale usiviombe: ukiinuka kidogo vinajikunja vyenyewe, ukirudi unakaa hewani. Mkunga alikaa hewani mbele ya watu waliovaa tai, akainuka anacheka kuliko waliomcheka.

Karatasi ilisema sehemu ya kwanza ni muziki wa kale, kipande kimoja kirefu chenye vipande vinne ndani yake, na sehemu ya pili ni muziki wa sinema. Wakaingia wapigaji wote na nguo nyeusi, kama themanini hivi. Kijiko alikaa nyuma kabisa, juu kidogo, na yale matoazi magotini, masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa. Aliyaweka kwa upole kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake.

Kaka, walipoanza nilisahau mgongo. Sijui nikuelezeje. Fidla zilikuwa nyingi, na fimbo zake zilipanda na kushuka pamoja kama zimeshonwa kwa uzi mmoja. Mtu mmoja mbele, mwenye kijiti, anatikisa mkono tu, na sauti inakuja kutoka pembeni kama upepo umefunguliwa mlango. Nilijiambia, kumbe ndiko anakoshinda mwanangu siku zote hizi ninapomuuliza "umekula?" naye anaitikia hajanisikia.

Lakini ikapita dakika kumi, ikapita ishirini. Kila mtu anafanya kazi. Mwenye tarumbeta amevimba mashavu, mwenye ngoma kubwa ameinama. Kijiko amekaa tu. Kipande cha kwanza kikaisha, watu wakakohoa wote kwa pamoja kana kwamba wameruhusiwa, kikaanza cha pili, cha polepole. Kijiko bado amekaa.

Mkunga akaniinamia. "Mwenzangu, mwanao wamemweka pambo?"

"Atapiga," nikasema.

"Atapiga lini? Mimi nimezalisha wanawake kwa muda mfupi kuliko huu."

Nikamtazama Kijiko vizuri nikaona midomo yake inatikisika kidogo kidogo. Nilijua anajizuia kulia. Nikasema yamekwisha, wameshamkataa, wamemwacha akae pale kwa heshima tu asije akaaibika mbele ya mama yake. Na mkunga naye badala ya kunituliza ananiambia, "Kuuliza si ujinga. Ningekuwa mimi ningekwenda."

Nikaenda. Haki ya Mungu niliinuka katikati ya muziki ule, nikapita juu ya magoti ya watu, samahani, samahani, mpaka mlangoni, nikatoka.

Nje kulikuwa na bawabu, mzee mwembamba wa koti la kijivu, viatu vinang'aa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Namtaka mkubwa wa hawa watu."

"Mkubwa wao yuko mle ndani amewapa mgongo watu elfu moja. Kwa sasa hapatikani."

"Basi nisikilize wewe, mzee wangu. Yule binti wa matoazi ni mwanangu. Wenzake wote wana kazi, yeye amekaa kama mgeni wa msibani. Nataka kujua kosa lake, na kama hana kosa wampe kitu cha kupiga."

Hakucheka, na Mungu ambariki kwa hilo. Aliweka sikio kwenye mlango, akasema, "Mimi niko mlangoni hapa miaka ishirini na mbili. Kipande hiki nimekisikia mara tano, zote nikiwa upande huu wa mbao. Matoazi yanapigwa mara moja."

"Mara moja kwa jioni nzima?"

"Mara moja kwa kipande kizima. Umemwona anatikisa midomo? Anahesabu. Huyu wa fidla akikosea, kosa lake linamezwa na wenzake kumi na tano. Mwanao akikosea, mpaka mimi huku nje nitajua. Na hakuna pa kurudia."

Nikashika kitasa. "Nifungulie basi nikamwone!"

"Siwezi, mama. Mlango haufunguliwi mpaka kipande kiishe, ndiyo kanuni. Halafu ..." Akainua kidole. "Ngoja."

Kule ndani sauti ilikuwa inapanda. Ilipanda, ikakaa kidogo kama mtu anayepumzika kwenye ngazi, ikapanda tena, na mimi nikajikuta nimezuia pumzi bila kujua nimeanza lini. Nikadhani imefika mwisho, kumbe bado. Ikapanda tena. Ndipo likapigwa lile pigo.

Kaka, kitasa kilitetemeka mkononi mwangu. Halikuwa kelele. Ilikuwa kama chumba chenye giza kimefunguliwa madirisha yote kwa mara moja. Bawabu akashusha kidole chake, akanitazama, akasema, "Hongera, mama. Limekaa mahali pake."

Nilikaa kwenye benchi la pale nje nikalia. Unajua nimesimama mbele ya tanuri miaka kumi na tisa. Lile letu la zamani halina kioo. Ukifungua mapema mkate unaanguka, ukichelewa unaungua, kwa hiyo nasimama na glavu zangu nahesabu moyoni. Hakuna siku mtu amepita akaniona nimesimama akasema huyu hana kazi. Na mimi mwenyewe, mama mtu, nimemwona mwanangu anasubiri nikasema hana kazi.

Kipande kilipoisha bawabu akanirudisha kimyakimya. Mkunga akanifinya mkono. "Ulikuwa wapi wewe! Amesimama kama anakwenda kuapa, akayainua yale masahani mpaka usawa wa uso, mimi nikafumba macho. Aliyekaa mbele yangu ameruka!" Ikabidi anieleze tena wakati wa mapumziko, na akaongeza chumvi, lakini niliipokea yote na chumvi yake.

Sehemu ya pili sasa, sikiliza vizuri, maana hapa nakusema wewe.

Unaikumbuka ile sinema ya askari anayerudi kwao na treni, mama yake akamfungulia mlango asimtambue? Tuliiona kwa jirani mwenye televisheni, sisi wote tumejipanga dirishani. Wewe ulikuwa umeshaota ndevu. Mama yule aliposema "karibu, mgeni," wewe uligeuka, ukasema moshi wa jiko umekuingia machoni. Jiko lenyewe halikuwa limewashwa. Halafu ukaupiga mluzi muziki ule mwezi mzima, mpaka baba akakukataza.

Wameupiga jana. Filimbi ilianza peke yake, fidla zikaingia chini yake, na nyuma ya zote yakaanza magurudumu ya treni, yale ya taratibu, yanayokaribia. Nikanyanyua shingo nitazame yanatoka wapi. Ni Kijiko. Alikuwa na fagio mbili ndogo za waya, anazipitisha juu ya ngoma ndogo, macho kwa mwenye kijiti. Treni ile, kaka, ni mpwa wako. Safu ya mbele yangu mzee mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mkunga, ambaye hata kwenye misiba halii, aliniomba kitambaa.

Miaka yote hii nilidhani muziki unatoka tu ndani ya sinema, kama maji yanavyotoka bombani. Sikuwaza kwamba palikuwa na watu wamekaa vitini, mmoja wao ameshika fagio mbili, mama yake yuko nyumbani anauliza lini atapata kazi. Wewe ulilia kwa sababu ya mtu wa namna hiyo. Usinikatalie, nilikuwa nimesimama mbavuni pako.

Watu walisimama wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baadaye Kijiko akatujia ukumbini, jasho linamtoka, akaniuliza, "Mama, uliniona?" Mkunga akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Nilikusikia, mwanangu," nikamwambia. Akanikumbatia, moyo wake unadunda kama wa kuku aliyekimbizwa. Yaliyotokea mlangoni bado sijamwambia. Nitamwambia siku moja, nikishajisamehe.

Kuhusu majaribio, hakuna aliyesema neno. Majibu yanatoka Alhamisi, kwa barua. Ningeweza kusubiri Alhamisi nikakuandikia ninayo mkononi, na ingekuwa rahisi kwangu. Lakini nimetaka kukujibu leo nikiwa sina kitu, ili ujue neno hili ni langu, si la barua ya mtu.

Jibu langu ni hapana, kaka. Nimeliandika kwanza kwenye karatasi nyingine nione linavyokaa, maana sijawahi kukuandikia neno hilo tangu nijue kushika kalamu. Hiyo nafasi mpe mtoto wa mwingine, na aliyeipata Mungu ampe heri nayo. Wakimchukua Kijiko, tutashukuru. Wasipomchukua, atabisha hodi kwingine, na mimi nitaendelea kuinua trei zangu mpaka mlango mmoja ufunguke. Najua ulimtafutia kwa mapenzi. Usinikasirikie muda mrefu. Ukikasirika, kasirika upesi umalize, kisha unipigie simu.

Nisalimie wifi, umwambie dawa ya goti ni kukufungia ngazi. Wasalimie watoto wote, wa mwisho umbusu kwenye kile kidole. Mkunga naye anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu anayelilia treni hawezi kuwa mbaya. Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kukuleta huku siku moja, nikukalishe kwenye vile viti, na akulinde mpaka hapo.

Dada yako akupendaye, leo kama jana, hata alipokukatalia,

Mama Kijiko