Pleti Mama

Izia, Sumbawanga
12 Agosti 1995

Kwako ndugu yangu Ngeleja,

Habari za siku nyingi? Natumaini mmefika salama huko bondeni, wewe, Kabula na watoto, na kwamba joto la huko limewapokea vizuri baada ya baridi yetu ya Pito. Baba yako Mzee Mboje mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Mke wangu Getruda anakohoa kidogo, ila mimi sina hata mafua, maana mtu mwenye bahati kama yangu atakohoa saa ngapi?

Mwenzio nimepata. Tangu uondoke, Mzee Ezekiel kanipa ufundi mkuu wa meli yake. Ndiyo, mimi huyu Isdori niliyeishia darasa la tano! Nikienda Kasanga nakaa mbele na dereva, na nikifika bandarini wananiita injinia. Meli imeshatoka mara mbili. Jumatatu ilibeba abiria. Alhamisi tukang'oa vyumba vya abiria, tukafunga mazizi, ikavuka na ng'ombe mpaka Mpulungu. Nati zinaingia kama zinaitwa kwa majina. Mimi nimetembea, nimeona Kitwe, Mbeya nimeiona mpaka nimeichoka, lakini kazi safi kama hii sijaiona popote.

Ila wakati naandika hayo nimekukumbuka, na nikikukumbuka kalamu inakuwa nzito.

Wakati Mzee Ezekiel anainunua meli ile, biashara zilipofunguliwa, ilikuwa ya kubeba mapipa ya mafuta tu. Akaja toka Mbeya na maumivu ya kichwa: leo wateja wana mahindi, kesho wana ng'ombe, keshokutwa ni abiria. Mafundi wote tukaulizwa. Mimi nilimshauri anunue meli ya pili, akaniangalia kama mlevi. Wewe ukasema kwamba mlipokuwa mnahama toka Shinyanga, mkokoteni wenu ulikuwa mmoja na mabodi matatu, moja la mapipa ya maji, moja la mtama, moja la akina mama na watoto. Magurudumu hayabadiliki, kinachobadilika ni bodi. Basi meli iwe ndiyo magurudumu, na sisi hapa Izia tutengeneze vyumba vya chuma vya kufunga kwa bolti, kila kimoja kiweze kukaa mahali pa kingine. Mzee akavua koti lake akakuvika.

Ngeleja, koti lile ulivaa wewe lakini lilinibana mimi. Mimi ni Mfipa. Babu yangu aliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo, kabla bati la kwanza halijapanda huku juu. Leo mchunga ng'ombe anifundishe chuma? Na Getruda naye hakunisaidia. Kila jioni Ngeleja hivi, Ngeleja vile, Ngeleja kawaletea watoto maziwa, Ngeleja haongei sana lakini ana akili. Nikamwambia basi akaolewe kwenu Pito. Akanijibu kwamba Kabula angempokea vizuri tu, tabu ni mimi, nani angenichukua. Watoto walicheka, nikacheka nao, lakini maziwa yako niliyaona machungu.

Uliposhuka Kasanga kufunga fremu, uliniachia vyumba vinne vya abiria na ile pleti mama ya chuma, ya kupimia matundu, uliyoitoboa kwa mikono yako. Ulisisitiza kwamba kila sakafu niilaze juu ya pleti hiyo na kutoboa kwa kufuata matundu yake, hata kama kipimo nakijua kwa moyo. Nikaitikia ndiyo injinia, tukacheka. Niliitumia kutobolea chumba cha kwanza tu. Halafu nikaifukia pleti chini ya vyuma chakavu, maana kila nilipoigusa nilijiona kama nakupa wewe shikamoo.

Chumba cha pili nikakipima kwa cha kwanza, cha tatu kwa cha pili, cha nne kwa cha tatu. Kumbe kila mara nilikosea unywele mmoja, na nywele zikajumlishana. Gatini Kasanga unakumbuka, mbele ya abiria na mabunda yao. Cha kwanza kikakaa. Cha pili kikaomba nyundo. Cha tatu kikagoma, na cha nne kikapitiliza vidole viwili kamili. Mzee akafoka kwamba pleti ya mchunga ng'ombe imemwaibisha. Ukanigeukia ukaniuliza, taratibu tu, kama niliifuata. Nikasema niliifuata tundu kwa tundu. Ukavua koti, ukalikunja, ukaliweka juu ya kamba za meli, ukaondoka.

Njiani kurudi nilifurahi mpaka Matai. Baada ya Matai sikufurahi tena. Nilipofika nyumbani nikakuta Kabula amepita kutuaga, ameacha kibuyu cha maziwa, amesema umeagiza watoto wa Isdori wasikose. Getruda akaniuliza kwa nini siyanywi.

Jumamosi iliyopita nikaifukua pleti, nikaibeba begani mpaka kwa Mzee Ezekiel, nikasema yote mbele ya mafundi. Hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Akailaza juu ya sakafu ya chumba cha kwanza, kilichokuwa kimerudishwa toka Kasanga, matundu yakaangaliana. Akaniambia niondoke machoni pake, na kwamba aliyekufokea wewe ni mjinga, akimaanisha yeye mwenyewe. Anakuomba urudi. Lori lake litapita hapo kwenu Muze Ijumaa, na koti lako amelitundika karakanani, hakuna anayeligusa. Mimi kazi sina. Ila ukirudi ukakosa mtu wa kukushikia pleti wakati unatoboa, nitaishika, na mdomo nitaufunga, ukiweza kuamini hilo.

Getruda anawasalimu sana. Watoto wanauliza maziwa kwanza, halafu ndiyo wanakuuliza wewe. Wabusu wako kwa niaba yangu, na Kabula mwambie kibuyu chake nakitunza.

Nilianza barua hii nikitaka uumie. Karatasi sikuichana, ili unisome nilivyo. Meli bado imefungwa Kasanga, haijatoka hata mara moja. Ufundi mkuu sikupewa na mtu. Yale ya mwanzo yote ni uongo.

Ndimi nduguyo,
Isdori