Sweta Lisilo na Shingo

Jumamosi, 14 Desemba 1991

Leo naandika yote, hata yanayoniumiza.

Baba anafuma masweta ya kijivu ya watoto wanaokwenda kusoma kwenye baridi ya Tukuyu. Shingo haimalizi mpaka mteja ataje shule, ndipo anaifuma kwa rangi ya shule hiyo. Mwaka jana shule moja ilibadili rangi ghafla, na masweta yetu yenye shingo za kijani yakabaki kabatini.

Asubuhi Mzee Salumu, jirani yetu anayeuza mitumba, alimcheka. "Fundi, wateja wako hawana vichwa?"

"Vichwa viko njiani," Baba akajibu.

Kweli akaja mama mmoja kutoka Ngana, mwanawe amechaguliwa kuingia sekondari. Akasubiri palepale Baba akimalizia shingo ya bluu. "Ndaga fijo, fundi!" akashukuru kwa Kinyakyusa. Nilifurahi, kisha nikaona wivu. Majina ya waliochaguliwa shuleni kwetu hayajaja. Kama simo...

Jioni nikipanga masweta, nilikuta moja lisilo na shingo, limefichwa chini kabisa. Nikalijaribu. Mikono ilinifika sawasawa.

Baba aliniona, akainamia mashine yake. "Hilo haliuzwi," alisema.

Daftari langu, nijibu upesi: shingo yake itakuwa ya rangi gani?