Boya la Watu

Rashidi,

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayetwanga kwenye kinu kilichofunikwa kwa nguo, mbali, nyumba ya tatu au ya nne. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Iliniingia kwenye mifupa ya miguu kabla ya kufika masikioni, maana nilikuwa nimekaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, kapu la mama yangu mapajani. Miezi mitatu nimelala nayo na kuamka nayo bila kumwambia mtu. Jana nimemwambia mtu mmoja, na nitafika huko. Lakini wewe ndiye mwenye haki ya kuisikia yote.

Nimekuita kwa jina. Ulipokuwa hai sikuthubutu. Nilikuwa nakohoa tu, au nasema "wewe," nawe ukacheka ukisema mke wako amesoma vitabu vyote vya maalimu baba yake lakini jina moja limemshinda. Sasa halinishindi.

Nakuandikia kutoka chumba cha ndani, kile ulichokuwa ukiwekea nyundo na mapipa ya lami. Nimekaa eda humu. Nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, bila kutoka. Kuna dirisha moja upande wa ziwa. Kichwa kinapita, mabega hayapiti. Nimelipima. Najua na wewe ulilipima la kwako.

Nataka ujue kwanza kwamba hatukujua mko majini asubuhi ile. Tangu vita vianze, Wadachi hawasemi tena mashua ipi inaondoka lini. Mimi nilikuwa kwetu Kizuka kumwona mama, nikijua uko Usumbura unaziba matundu ya mashua ya chuma. Sikujua kwamba mmekuja Rumonge kupakia mawese, mkalala ufukoni kwetu hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu, mkaondoka alfajiri. Walioamka wakakuta mashua haipo walidhani imeondoka usiku, imeshaiacha dhoruba nyuma. Mama mkwe anasema ulipita kumsalimu ukiwa umesimama, ukamwambia, "Salima akirudi mwambie asile ndagala zote." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoachiwa. Nimeyapindua kila upande, Rashidi, na hayana kitu kingine ndani yake. Ni visamaki tu, ndagala tu.

Dhoruba ilikuja kabla jua halijatoka vizuri. Mabaharia wenzako watatu waliokuwa juu walifunga kifuniko cha tumbo la mashua kwa nje ili mawimbi yasiingie, na wewe ulikuwa ndani, na nyundo yako, unapambana na tundu lililokuwa likivuja. Haya tumeyajua baadaye, kwa jinsi kifuniko kilivyokutwa. Mashua ikalala ubavu, ikashuka mbele ya mdomo wa mto, mahali ambapo mvua ikinyesha maji huwa mekundu kwa udongo wa milimani na mtu haoni hata kafi lake.

Sasa kuhusu boya.

Unakumbuka mwezi wa kwanza wa ndoa yetu? Nilikwenda kufua, nikaona kibuyu kinaelea karibu, kimefungwa kamba, nikakivuta nikidhani kimempotea mtu. Sisi wa Kizuka ni watu wa michikichi, si wavuvi, tungejuaje? Wanawake wa mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapotia, wakapiga kelele kana kwamba nimeingia chumbani kwa mtu. Siku tatu waliniimba. "Bibi harusi mvuta nyavu, bibi harusi mvuta nyavu." Nilirudi nyumbani nimevimba macho, na wewe ukaniketisha ukanieleza taratibu: kibuyu kile ni boya la nyavu, kila boya lina mwenyewe, na mwenyewe akilikuta limeguswa, hata kama samaki wake wote wapo, ameibiwa. Ukasema, "Ukiona boya la watu, pita kama unavyopita dirisha la watu. Usitazame sana." Nilijifunza. Mimi nikifundishwa kitu nakishika, unanijua. Nilijivunia kupita kandokando ya maboya kama mzaliwa wa mwaloni.

Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kule chini, ulipopitisha kibuyu kwenye tundu la kuingizia hewa, dirisha lako lile lisilopitisha mabega, ulilikumbuka hilo? Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Ulikuwa umemwaga mawese yaliyokuwemo, ukaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi na kipande cha shuka lako, ukafunga kamba. Kazi safi, kama kazi zako zote. Halafu ukangoja watu wa kwenu waone. Nasi tuliona, Rashidi. Wote tuliona.

Asubuhi ile ile shemeji Shabani alikuja kunichukua Kizuka kwa mtumbwi. Ziwa lilikuwa limetulia, kama haliijui dhoruba. Tulipokaribia mdomo wa mto nikaona sehemu ya maji ambayo haikuwa na mikunjo, imelala laini, inang'aa rangi ya chungwa. Nikasikia harufu ya mawese. Katikati yake kilikuwa kibuyu, na kamba yake ilikuwa nene, nyeusi, si kamba ya mvuvi. Nikajiuliza, ni nani anayepaka boya lake mawese? Mkono ukaenda wenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vimeshakigusa kibuyu.

"Shemeji, toa mkono," Shabani akasema. "Hilo ni boya la watu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake asikanyage mkeka kwa viatu. Nikaona aibu ile ya zamani inapanda usoni, nikatoa mkono. Na hapo hapo, chini ya miguu yangu, ikaja sauti. Tatu, kimya. Tatu.

Sikusema. Nilikuwa nimeshaambiwa nitoe mkono, sikutaka niambiwe nitoe na sikio. Nilijiambia ni mtumbwi unakauka kwa jua. Tukapita. Kafi la Shabani likaingia na kutoka, na sauti ikabaki nyuma, na mimi nikanyoosha kanga yangu vizuri ili nifike nyumbani nikiwa na heshima.

Siku ya pili boya lilikuwa linazama na kuibuka. Nililiona kutoka ufukoni. Maji yamelala kama mafuta, na kibuyu kinakwenda chini, kinarudi, kinakwenda chini. Ulikuwa ukivuta. Unajua tulifanya nini? Tulicheka. Mzee Bakari, unamjua asivyonyamaza, alisimama na mikono kiunoni akasema, "Iko sangala mukubwa pale! Mwenye nyavu amelala kwa mke wa pili, samaki anamungojea!" Mwingine akasema huyo lazima ni mtu wa Kabezi, wa Kabezi wana bahati na hawana akili. Mwingine akasema asiye na haya akavute. Wote wakacheka tena, na hakuna aliyevuta, maana nyavu zenye samaki ndizo zenye aibu kubwa zaidi kuguswa. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshika beseni la ndagala, nikacheka pamoja nao.

Siku ya tatu boya lilitulia.

Mchana wa siku hiyo mawimbi yalileta maiti ya baharia mmoja karibu na mwalo, nguo za Wadachi mwilini. Watu walipokuwa wakimtambua kuwa ni wa mashua yako, mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilipiga kelele neno moja tu, "Boya! Boya!", na Shabani akanitazama, na nikaona inamwingia usoni kama inavyoniingia mimi. Walikwenda yeye na wavuvi wawili. Alipovuta kamba haikuja kama nyavu zinavyokuja. Haikuja kabisa. Wakapiga mbizi wakagonga chuma kwa jiwe, wakangoja, wakagonga tena.

Walikutoa kabla ya alasiri. Walivunja kifuniko kwa shoka. Walisema ndani, chini ya ubavu uliobaki juu, bado palikuwa na nafasi isiyo na maji, kama ya mtu kukaa ameinama, na hewa yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mmoja wao aliyetia kichwa humo nusura azirai. Mwosha maiti alimwambia mama mkwe, akidhani sisikii, kwamba ule haukuwa mwili wa mtu aliyekufa siku tatu nyuma. Mkono wako wa kulia ulikuwa umechanika kiganjani. Nyundo waliirudisha. Ilikaa hapa, nyuma ya mlango, hadi jana.

Ndiyo hivyo nimekaa humu. Wanawake wanakuja, wanasema pole, wanasema aliyekufa majini ni shahidi, na mimi naitikia. Mama mkwe alinilinda vikali kuliko sheria yenyewe. Hata kutoa mkono dirishani alinikataza. Siku ya kwanza aliniletea uji, akabisha mlango. Mara tatu, kwa kidole kilichopinda. Nilipiga ukelele hadi jirani wakaja. Tangu siku hiyo habishi. Anasimama nje na kusema, "Salima, ni mimi," hata akiwa na haraka. Hakuuliza kwa nini. Nilidhani hajataka kujua.

Shabani hajaniangalia tangu mazishi. Ameuza nyavu zake, sasa anabeba mizigo ya Wadachi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye alikataza mkono tu, kwamba kosa kubwa lina mwenyewe mwingine. Sikumwambia. Yeye ana ufuko mzima wa kutembelea na amejifungia. Mimi nina chumba, nazunguka. Nimehesabu miti ya dari. Nimesoma kila nilichonacho. Nimekaa sakafuni na kuweka sikio kwenye udongo, Rashidi, mchana kweupe, kama mwendawazimu, kusikiliza kama bado unagonga.

Sasa jana.

Dhoruba ilikuja tena asubuhi, kama ile. Ilipopita niliweka uso dirishani. Mdomo wa mto ulikuwa mwekundu. Na mbele yake palikuwa na boya. Kibuyu kimoja. Kinazama, kinaibuka.

Nilisimama nikajifunga kanga. Nilipofungua mlango mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Siku zako hazijaisha," akasema.

"Najua, Mama. Kuna boya."

"Maboya yako kila siku."

"Mama, nilimsikia." Sikuwa nimepanga kusema. "Nilipopita na Shabani. Nilimsikia anagonga chini ya miguu yangu, na sikusema. Na nilicheka siku ya pili. Nilimsikia mwanao, Mama."

Aliweka ungo chini. Punje za mchele zilikuwa zimeng'ang'ania vidoleni mwake. Nikangoja anitukane, na ningeshukuru. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kafi la marehemu baba mkwe.

"Wewe wa michikichi utatuzamisha," akasema. "Kaa mbele."

Sikujua kama anajua kupiga kafi. Anajua. Mgongo wake uliopinda ulinyooka majini. Tulipita mbele ya mwalo mzima, mwanamke wa eda mwenye nguo nyeupe na bibi kizee, na watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mzee Bakari akaingia ziwani hadi magotini. "Mama Shabani! Hilo boya ni langu! Mama Shabani, hata wewe? Wezi! Wezi wa nyavu!" Mama mkwe hakugeuza shingo. "Na apige kelele," akaniambia, "ana mapafu."

Tulifika. Niliinama nikaweka sikio kwenye sakafu ya mtumbwi. Maji tu. Nikashika kibuyu kwa mikono miwili, mbele ya Rumonge nzima, nikavuta kamba.

Ilikuja. Laini, nzito kidogo, inayumba, kama inavyotakiwa kuja. Nyavu. Na ndani yake sangala mmoja, mkubwa kweli, anapiga mkia.

"Hakuna mtu?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna, Mama. Samaki."

"Sikiliza tena."

Nikaweka sikio tena. Yeye akainua kafi kutoka majini ili matone yasinipotoshe, akashika pumzi. Tulikaa hivyo, mama yako na mimi, tukisikiliza kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Kisha akasema, "Basi rudisha vizuri. Usimkatie mtu nyavu zake," na hapo ndipo tulipolia pamoja kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Mzee Bakari ameshitaki kwa wazee. Ijumaa baada ya swala watakaa. Anasema nyavu zake zimeharibiwa bahati, na eda yangu nimeichafua, na nyimbo zimeanza upya, zile zile za bibi harusi. Zinapita dirishani nikiwa hapa. Siku zilizobaki nitazikaa, hazinishindi. Lakini nimemtuma mama mkwe awaambie wazee neno langu mapema, naye amekwenda leo asubuhi amevaa kanga mpya: sitalipa, sitaomba radhi, na kila asubuhi baada ya dhoruba, boya lolote nitakaloliona mbele ya mto ule nitalivuta, la Bakari, la Kabezi, la yeyote. Likiwa na nyavu nitalirudisha. Nitakuwa mwizi wa Rumonge mpaka nife.

Nyundo yako nimeitia mpini mpya. Mama mkwe ameiweka ndani ya mtumbwi wetu, ili siku moja mtu akigonga kutoka chini nimjibu.

Nisamehe kwa ule mkono nilioutoa. Pumzika, Rashidi. Jana nimeurudisha.

Mkeo,
Salima